Mtani Wangu Mbele ya Mganga wa Akili

Kabla ya kazi ile niliamini kwamba mtu mwenye bunduki ya Serikali hana cha kuogopa. Hofu ilikuwa yetu sisi tuliokaa nje ya kambi. Wao, kwa kofia zao nyekundu na miguu yao iliyofungwa vitambaa mpaka magotini, walikuwa ndio hofu yenyewe, ikitembea barabarani kwa mistari iliyonyooka.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili katika shule ya mapadri pale Kasongo, kijana wa miaka ishirini na kitu, nikiandika hadithi katika kurasa tupu za madaftari ambayo wanafunzi walikuwa wameyaacha. Siku moja niliitwa ofisini kwa bwana mkubwa wa teritwari, yaani wilaya yetu, nikaambiwa kwamba nimeazimwa. Alikuwa amefika Mzungu mmoja mwembamba, mwenye sauti ndogo, ambaye kazi yake ilikuwa kupima akili za askari na polisi. Katika posti moja ya mbali, kituo cha Serikali, polisi mmoja alikuwa amempiga sajini wake risasi wakati wa kuhesabiwa asubuhi, kisha akaketi chini, akawasha tumbako, akavuta taratibu akingoja kukamatwa. Wakubwa waliingiwa na baridi. Wakataka kujua ni vichwa vingapi vingine vilikuwa vikitembea na jambo kama lile ndani yake. Daktari yule hakujua Kiswahili zaidi ya jambo na asante. Mimi nilijua Kifaransa. Basi nikawa mdomo wake na masikio yake.

Watu walimwita mganga wa akili. Yeye alicheka aliposikia, lakini nafikiri jina lilimpendeza.

Mshtuko wa kwanza ulikuwa kiti. Daktari aliagiza kila mtu akae kwenye kiti mbele yake, magoti yao yakikaribia kugusana. Hakuna hata mmoja kati ya wanaume wale aliyewahi kuketi mbele ya Mzungu. Wa kwanza, jitu la mabega mapana, alikitazama kiti kile, akanitazama mimi, akanong'ona, "Bwana karani, nimekosa nini hata nikalishwe kitini?" Nilipomwambia hakuna kosa, alikaa pembeni kabisa, nusu ya tako hewani, mikono juu ya mapaja, jasho likimtiririka kama mtu anayesomewa hukumu.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kwanza maswali matatu: Unalala? Unakula? Unaota nini? Halafu Daktari alitoa makaratasi yenye madoa ya wino, yale ambayo ukikunja karatasi mbichi doa hujirudia upande wa pili, akauliza mtu anaona nini. Mimi nilitafsiri, yeye aliandika. "Neno kwa neno," aliniambia siku ya kwanza, akigonga meza kwa kidole. "Hata akikohoa, niambie amekohoa. Usinitengenezee kitu."

Niliitikia. Lakini kila siku saa kumi alasiri nilifunga daftari kama mtu anayetua mzigo wa mwenzake. Niliyoyasikia katika chumba kile nyuma ya zahanati sikuwa nimeyakuta katika kitabu chochote. Sajini mmoja aliyekwenda vita vya Wazungu kule Abisinia alisema hawezi kuvumilia mlio wa mtwangio. Mke wake hutwanga mihogo nyumbani kwa jirani, na siku jirani akisafiri wanakula ndizi za kuchemsha. Mwingine alilitazama doa la wino muda mrefu, akasimama, akapiga saluti. Hatukujua alimpigia nani. Alipoketi tena alijibu maswali yaliyobaki kwa adabu, na Daktari, kalamu ikiwa imesimama hewani, alinitazama kwa macho ya mtu anayeuliza kama na mimi nimeona.

Nilikuwa nimeona. Nilikwenda nyumbani kwa miguu nikipita sokoni, na kila mwenye kofia nyekundu niliyepishana naye nilitamani kumuuliza: na wewe, unalala?

Baada ya Kasongo tulikwenda Kabambare. Kamiyo, lori la Serikali, ilitupitisha Lusangi, kisha mashamba ya pamba pande zote mbili, pamba ya lazima, nyeupe na safi chini ya jua, na watu waliokuwa wakipalilia walivua kofia vumbi letu lilipowafikia. Tulipewa darasa la shule kuwa chumba cha kazi. Utaratibu ulikuwa kwamba kila polisi anayengoja kupimwa huacha bunduki yake ghalani, na hurudishiwa Daktari akishatia sahihi kwamba anafaa.

Siku ya pili aliingia kaporali mmoja wa polisi, mtu wa makamo, mfupi, mwenye masharubu membamba. Hakuogopa kiti. Alikaa, akaniangalia usoni, akauliza kabla hatujamuuliza neno:

"Wewe mutoto wa wapi?"

"Wa Kasongo, baba."

"Kasongo ni kubwa. Baba yako iko wa ukoo gani?"

Nikamtajia. Alipiga mapaja yake kwa viganja vyote viwili, akaruka kutoka kitini.

"Mutani! Mungu wangu, mutani wangu! Muzungu, angalia vizuri, huyu iko mwizi! Babu zake waliiba kuku zetu wote, wakala na manyoya!"

Daktari alirudisha kiti chake nyuma. "Ana hasira?"

"Hapana, Daktari. Ni utani."

Nilimweleza kwa haraka. Ukoo wangu na ukoo wake walipigana zamani, wakachoka, wakapatana, wakala nyama moja; tangu hapo watoto wao hutukanana bila kukasirikiana. Mtani akikukuta unakula, atachukua sahani. Akitaka shati lako atalivua mwilini mwako, nawe utacheka. Ukifa, yeye ndiye atakayeshuka kaburini kwanza, ajilaze pale na kukataa kutoka mpaka apewe kitu, na waliofiwa watacheka machozi yakiwa bado usoni. Daktari alifurahi sana. Aliandika ukurasa mzima. Nami, ambaye kwa majuma mengi nilikuwa nimesikia mambo ya kutisha tu, nilifurahi kuliko yeye. Nilihisi dirisha limefunguliwa.

"Na nyinyi," nikamjibu kaporali, "mulikula panya pamoja na mikia, ndiyo maana mikia imetokea hapo juu ya mudomo wako."

Alicheka, akashika masharubu yake. Tukaanza kazi.

"Unalala?"

"Nitalala namna gani na mwizi iko mu kijiji? Nalala macho wazi, kama samaki mu soko."

Nilicheka. Nikamgeukia Daktari: "Anasema analala. Anatania."

"Unakula?"

"Chakula kinanikataa. Nikikiweka mu kinywa kinarudi. Wewe ndiye uliniroga, unataka kurithi sahani zangu."

"Anakula," nikatafsiri. "Anasema mimi nataka sahani zake."

"Unaota nini?"

Akasema, akiwa bado anatabasamu, "Naota matako ya muzee mumoja. Nayaona mu moto. Nayaona mu maji ya kunawa. Bendera ikipanda asubuhi, nayaona pale juu."

Nilishika meza nisianguke kwa kicheko. Naye alicheka, akicheka na kujipangusa macho kwa mgongo wa mkono. Neno lile la matako sikuweza kulitamka kwa Kifaransa nilichofundishwa na mapadri, mbele ya mtu mzima aliyevaa miwani. Nikasema, "Haoti sana. Ni mtu wa kuchekesha."

Daktari alitabasamu, akaandika.

Kaporali alipokuwa akiondoka alisimama mlangoni. "Mutani, umwambie Muzungu wako asinirudishie bunduki. Akinirudishia, utakula mbuzi ya matanga yangu kabla ya mwezi huu kwisha."

"Basi fanya haraka," nikamjibu, "nina njaa. Na kaburini nitashuka mimi, nikupanguse vumbi kwa kiatu."

Kicheko chake kilikatika. Alinitazama kwa makini, kama mtu anayehakikisha kwamba mlango amekwisha kuufunga.

"Ndiyo," akasema. "Wewe ndiye."

Akatoka. Daktari aliuliza amesema nini, nikajibu kwamba ananiaga. Akaandika kwamba ni mchangamfu, kwamba anafaa, akatia sahihi.

Siku mbili baadaye, asubuhi, nilikuwa nikinyoa ndevu kwenye baraza ya nyumba ya wageni, kioo kikining'inia kwenye nguzo. Mwanamke mmoja alikuja na kikapu cha karanga, akakiweka chini, akabaki amepiga goti mbali kidogo, macho yake ardhini.

"Habari ya asubuhi, bwana karani."

"Nzuri, mama."

"Mimi muke wa kaporali. Yule mutani wako."

Nilicheka. "Mwambie sijasahau mbuzi wangu."

Hakucheka. Aliinua uso, na uso ule ulikuwa umechoka kuliko uso wowote niliouona katika chumba cha Daktari.

"Alikuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Juu ya baba yangu."

Nikasema hakuniambia lolote juu ya baba yake. Alitikisa kichwa, kama nilikuwa nikimficha kitu kwa heshima, ndipo akanieleza, polepole, akichambua karanga kikapuni bila kuzitazama.

"Baba yangu iko mugonjwa wa goti. Hakupalilia pamba. Wakamuita hapa posti pamoja na wengine. Juma lile kiboko kilikuwa mu mukono wa mume wangu. Wakamulaza baba chini ya bendera, wakamuvua."

"Na mume wako akapiga?"

"Akapiga. Angekataa, wangemulaza yeye pembeni, mwingine angewapiga wote wawili. Muzee hakulia. Hakugeuka hata kidogo, asimuone mukwe wake."

Povu la sabuni lilikuwa likikauka shavuni mwangu. Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa, lakini naandika kwa ajili ya wengine pia. Mkwe hatazamwi usoni. Mkikutana njiani, mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Hamli sahani moja, hamketi mkeka mmoja. Na mwili wake, huo hauuoni hata akifa, kwa maana wengine ndio humwosha.

"Tangu siku ile halali," mama yule aliendelea. "Anaosha mukono huu wa kuume mpaka ngozi inatoka. Nilimwambia, sema kwa munganga. Akasema, kwa Muzungu siwezi, jambo hili halina mudomo. Halafu siku ile alirudi nyumbani anacheka. Akasema, Mungu ameniletea mutani mu kile chumba, nimemwambia yote, hata bunduki nimemwambia, yeye atajua la kufanya." Alisimama, akakung'uta goti. "Basi nimekuja kuuliza unamfanyia nini. Kwa sababu leo asubuhi wamemurudishia bunduki."

Nakumbuka kwamba niliweka wembe juu ya ukingo wa baraza ukaanguka majanini, na kwamba sikuutafuta. Maneno ya kaporali yalikuwa yakirudi moja moja, bila kicheko sasa, yamevuliwa. Macho wazi kama samaki. Chakula kinarudi. Matako ya mzee mmoja. Alikuwa ameniambia kila kitu. Alikuwa amejibu maswali matatu kwa ukweli mtupu kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kiti kile, na mimi nilikuwa nimeshika meza kwa kucheka.

Nilikulia shuleni kwa mapadri tangu nikiwa na miaka saba. Utani niliuchukua likizoni tu, kama mtu anavyochukua ngoma: matusi, kunyang'anyana, kicheko. Nusu ya pili sikuwahi kufundishwa, kwa sababu haifundishwi. Unaiona ukikaa nyumbani. Aibu ambayo huwezi kuipeleka kwa ndugu, wala kwa mke, wala kwa padri, unaipeleka kwa mtani. Unaitupa mbele yake kwa mzaha, naye anaiokota kwa mzaha, anaibeba mpaka inakotakiwa kwenda. Yeye haimchafui. Mtu aliyempiga mkwe wake angemtuma mtani na mbuzi kwa mzee yule, mtani angemtukana mzee, angejilaza mlangoni kwake, angegoma kuondoka mpaka mzee acheke au alie, na jambo lingepata njia. Hilo ndilo kaporali alilokuwa ameniomba. Na akiwa hana uhakika kama nitafika kwa wakati, aliniomba nimzuilie bunduki.

Mke wake alinielekeza gereza la posti, nikaenda nikiwa nimenyoa upande mmoja. Kaporali alikuwa zamu mlangoni, peke yake kivulini, bunduki begani; wafungwa walikuwa wakikata majani kando ya barabara. Aliponiona uso wake ulifunguka.

"Ee, mwizi! Leo wamekufukuza kabla ya kumaliza ndevu? Umekuja kupima urefu wa kaburi?"

Nilitaka ajue kwamba sasa nimeelewa, kwamba mchezo umekwisha, kwamba yupo mtu mmoja katika Kabambare anayemchukua kwa uzito. Basi nilisimama wima kama ninavyosimama mbele ya darasa, nikasema:

"Kaporali, leo mimi si mtani wako. Nipe risasi."

"Umesema nini?"

"Nimesema leo mimi si mtani wako. Mke wako ameniambia. Nipe risasi hizo."

Alinitazama. Nimeona watu wakipewa habari ya kifo; hakuna aliyetazama hivi.

"Mutu anaweza kutoka mu utani?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama anayetaka kujua kweli, kwa vile mimi nilikuwa mtu wa shule. "Anatokea wapi? Nani atanizika sasa?"

Nilinyoosha mkono. Alishusha bunduki, akafungua, akatoa risasi moja baada ya nyingine, akaziweka katika kiganja changu. Zilikuwa na joto la jua.

"Shika, bwana karani," akasema.

Nilipokuwa nikirudi, risasi zimefungwa katika leso, ndipo nilipofikiri jambo ambalo lingepaswa kunijia kwanza. Mtani hunyang'anya. Ningeweza kumtukana babu yake, kumvuta masharubu, kuichukua bunduki ile yote begani mwake huku wafungwa wakiangalia na kucheka, naye asingekuwa na haki ya kunikataza. Kila kitu kilikuwa kimewekwa tayari kwa ajili ya dakika ile, na babu zetu, muda mrefu kabla ya bendera. Na mimi nilikuwa nimekitupa kando ili nionekane ni mtu wa maana.

Daktari alikuwa akipanga makaratasi ya madoa. Nilifungua leso juu ya meza. Alisimama.

"Za nani hizi?"

"Za kaporali mwenye masharubu. Alitaka kujiua. Alisema hapa, Daktari, mbele yako. Aliniambia mimi nikakuambia kwamba anatania."

Alifungua daftari lake, akarudisha kurasa mpaka kwenye ule ukurasa, akausoma mara mbili. Masikio yake yalikuwa mekundu. Nilidhani atapiga kelele. Akasema tu, kwa ile sauti yake ndogo, "Nilikuomba neno kwa neno." Baada ya muda akaongeza, "Rudia sasa. Yote." Nikarudia, hata lile neno, kwa Kifaransa, nikilia kama mtoto. Naye aliandika, akakata sahihi yake kwa mstari, akaandika chini kwamba hafai.

Kaporali alivuliwa nguo za polisi juma lile. Hakufungwa, Daktari alipigania hilo, ni haki niseme. Kuhusu kiboko hakupigania neno. Nilimuuliza kama ataliandika, akasema yeye ametumwa kupima watu, hakutumwa kupima Serikali.

Kabla hatujaondoka mke wa kaporali alileta mbuzi, dume jeusi, akaniomba nimfikishe kwa baba yake. Nilikwenda, kamba mkononi. Mzee alinipokea vizuri, akanipa kigoda. Yeye aliketi juu ya mkeka, mguu wenye goti bovu umenyooshwa.

"Unakuja kama nani, mwanangu?"

"Kama mtani wake, baba."

Alitikisa kichwa polepole. "Tulisikia ulitoka mu utani. Wafungwa walisikia, posti yote ilisikia." Hakuwa amekasirika; alionekana kama mtu anayenihurumia. "Sasa mbuzi hii nani ameileta? Sioni mutu aliyeileta. Irudishe."

Nilimrudisha. Kabla ya mvua mke wa kaporali aliitwa nyumbani kwa baba yake, akaenda, hakurudi kwa mumewe.

Mwaka uliofuata, nikiwa nimerudi darasani kwangu, nilimkuta kaporali sokoni Kasongo. Alikuwa akiuza mpunga uliotwangwa, amechuchumaa nyuma ya gunia, shati la kiraia limembana mabegani. Alikuwa amenenepa kidogo. Mkono wake wa kuume ulikuwa umepona. Nilisimama katika mstari nyuma ya wanawake wawili, nikiwa nimeamua nitakalosema, na zamu yangu ilipofika nikalisema kwa sauti kubwa, ili watu wasikie:

"Ee, mla panya! Bado hujafa? Nimengoja nyama ya matanga mpaka meno yameota kutu!"

Wale wanawake walicheka. Mmoja akageuka, akingoja jibu, kwa sababu jibu ndiyo raha yenyewe. Mtani wangu aliinua kopo lake la kupimia, akalifuta kwa kiganja, akanitazama kwa adabu, kama anavyomtazama mnunuzi yeyote.

"Jambo, bwana. Makopo mangapi?"

Nikamwambia mawili.